Lori la kijeshi la kizamani la rimoti: ukiwa Moshi, anza kununua lipi?

Hela yako iweke kwenye gia. Bodi utaitengeneza hapahapa Moshi kwa kopo la mafuta ya kupikia, mkasi wa bati na subira, na kama utotoni uliwahi kuendesha gari la waya basi nusu ya ufundi unao tayari. Lakini gia ya ekseli yenye meno madogo kama punje za ulezi mimi sijaiona Double Road wala Kiboriloni, na mtu wa kuichonga kwa mkono sijakutana naye. Kwa hiyo machaguo manne ya hapa chini nimeyapanga kwa swali moja: kipi kinakupa vizuri kile usichoweza kujitengenezea?

Kabla ya hayo, skeli, yaani lori halisi limepunguzwa mara ngapi: 1/16 ni dogo mara kumi na sita kuliko la kweli. Chukua GMC CCKW, lori la Marekani la tani mbili na nusu lililotengenezwa 1941 hadi 1945. Lile refu, bila winchi, lilikaribia mita 6.5. Gawanya kwa 16 unapata karibu sentimita 41. Gawanya kwa 10 unapata 65, na hilo halikai juu ya kabati la sebuleni. Kwenye bodaboda utalipakata kama mtoto. Tairi nalo lipime hivyohivyo. La CCKW lilikuwa na kimo cha sentimita 90 hivi, kwa hiyo kwenye 1/16 halitakiwi kuzidi sana sentimita 5.7. Wauzaji wanapenda kuonyesha picha zenye matairi manene. Ukiyafunga, lori lako litafanana na gari la mashindano, si la vita.

Namba 1: seti ya kuunganisha ya 1/16, isiyo na vifaa vya umeme

Hizi za kampuni ya WPL ndizo ninazowaambia watu waanze nazo. B-36 ina matairi sita yanayosukuma yote na imevishwa sura ya Ural-4320, lori la Kisovieti lililoanza kutengenezwa 1977. B-24 ina matairi manne na sura ya GAZ-66, lori jingine la Kisovieti. Bei huko nje ni makumi ya dola, si mamia. Uzuri wake mkubwa ni vipuri: gia za chuma, propela (shafti za kuzungusha ekseli) za chuma na ekseli nzima huuzwa kimoja kimoja.

Na utavihitaji. Seti yangu ya kwanza niliiacha na gia zake za plastiki, nikaipeleka kwenye mawe ya Mto Karanga huku nimejaza changarawe nyuma. Siku hiyohiyo ekseli ya kati ikaanza kulia kama mashine ya kukoboa isiyo na mahindi. Agiza gia za chuma pamoja na seti, mzigo mmoja, nauli moja.

Tumia B-24 kama unataka Bedford QL ya Waingereza. Zote mbili kabini imekaa juu ya injini na zote ni za kusukuma mbele na nyuma, hivyo umbo la chini linakubaliana. QL, iliyoanza 1941, ilikuwa na mita 3.63 kutoka ekseli hadi ekseli, yaani karibu sentimita 23 kwenye 1/16. Pima chesesi yako. Ikiwa fupi, kata katikati na uunge kwa bamba la alumini na skrubu, usitegemee gundi. Mimi Bedford ndiyo iliyonitia wazimu huu, maana baba mdogo aliendesha ya kiraia akibeba kahawa kutoka mlimani, na hadi leo anaamini hakuna lori lingine lililowahi kutengenezwa.

Namba 2: ekseli na giaboksi peke yake, mengine ujijengee

Hapa unanunua ekseli tatu, giaboksi, propela na mota, basi. Chesesi unakunja mwenyewe kwa alumini ya fremu za madirisha, ambayo mafundi wa alumini wana vipande wanavyotupa. Ni njia nzuri kuliko zote kwa mtu mwenye jicho la vipimo, na ningeiweka ya kwanza kama isingekuwa kwamba wengi tunaoanza hivi tunaishia na chesesi iliyopinda na lori linalotembea upande kama kaa. Jenga moja ya namba 1 kwanza.

Namba 3: seti ya chuma ya 1/10 au 1/12

Kampuni ya Cross RC na wenzao wanatoa seti nzito, imara, za mamia ya dola. Ubora haubishaniwi. Ila hapo hujamaliza: mota, sevo (kimota kinachogeuza stelingi), rimoti na betri ni juu yako, na uzito wa kifurushi unapandisha nauli, kisha ushuru na VAT. Nunua kama una ndugu anayerudi kutoka nje na nafasi kwenye begi.

Namba 4: lililo tayari ndani ya boksi

Linawaka siku hiyohiyo, mtoto anafurahi. Tatizo ni kwamba mengi risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) na kidhibiti mwendo vimeunganishwa kwenye kibao kimoja, na baadhi hutumia sevo ya nyaya tano badala ya tatu za kawaida. Sevo ikifa, unabadilisha kila kitu. Muulize muuzaji idadi ya nyaya; akishindwa kujibu, hiyo nayo ni jibu.

Umeme: hapa ndipo watu wanapigwa

Lori la kijeshi linatambaa, halikimbii. Kwa 1/16 mota ya 370 (namba ya ukubwa wake) inatosha. Kwa 1/10 chukua 540 yenye mizunguko mingi ya waya, kama 55, kwa sababu mizunguko ikizidi mwendo unapungua na lori linadhibitika vizuri kwenye mwendo wa polepole.

Betri ya lipo (aina ya lithiamu) ya seli mbili ina volti 7.4, na ikijaa inafika 8.4. Isishuke chini ya volti 3 kwa kila seli, la sivyo inavimba, na iliyovimba haichajiwi tena. Vidhibiti mwendo vingi vya bei nafuu havikati umeme betri ikiisha, kwa hiyo nunua na kengele ndogo ya volti inayochomekwa pembeni. Kwa kuwa betri za lithiamu husumbua kwenye posta na ndege, wengi wetu tunakimbilia seli za 18650, zile za mviringo, kutoka laptopu zilizokufa. Sawa, mradi fundi azipime na aziunganishe zenye nguvu zinazolingana. Ukiona 18650 imeandikwa 9,900 mAh (kipimo cha umeme inaobeba), iache hapohapo dukani: seli nzuri ya ukubwa huo huwa karibu na 3,500.

Sevo iwe ya gia za chuma. Rimoti yoyote ya 2.4 GHz yenye chaneli tatu inatosha, mbili za mwendo na stelingi, ya tatu utaiwekea winchi au taa baadaye.

Kuhusu turubai la nyuma, usihangaike na la dukani. Kipande cha kaki kutoka kwenye suruali ya mtumba, waya wa kuning'inizia nguo ukunjwe matao manne, na fundi cherehani atakushonea huku ukisubiri. Kaki ya kawaida, narudia. Kitambaa cha mabakamabaka kiache kabisa, maana sare za jeshi raia haruhusiwi kuwa nazo, na hutaki kumweleza askari kwamba zile nguo ulikuwa unashonea lori la sentimita 41.