Programu ya mahesabu ya majengo: kabla hujalipa, omba uione ripoti

Swali la programu ipi ya kukokotoa uimara wa majengo ununue limerudi tena, safari hii kwa kijana wa Nkuhungu, hapa Dodoma, aliyerudishiwa mahesabu ya ghorofa tatu. Jengo lenyewe halina shida. Mkaguzi alikabidhiwa lundo la majedwali, na hakuna mstari hata mmoja unaoonyesha namba zimetokea wapi. "Dada, programu nimeinunua ghali, sasa wanataka nini tena?"

Wanataka ripoti inayosomeka. Muuzaji hakuonyeshi hiyo; anakuzungushia jengo la rangi kwenye skrini basi umekwisha. Kasi ya uchambuzi siizungumzii, programu zote zinachambua fremu (mifupa ya nguzo na boriti) vizuri. Mimi naanza na boriti moja: milimita 250 kwa 450, momenti (nguvu ya kuipinda) kilonyutoni-mita 120, zege daraja la 25. Ripoti nzuri inakuandikia kina ilichotumia, fomula, kisha nondo zinazotakiwa: milimita za mraba 801. Zilizowekwa ni nondo nne za milimita 16, yaani 804. Mkaguzi anashika kalkuleta, anafuata, anagonga muhuri. Ripoti mbovu inaandika "imepita" kwa kijani.

Tena ripoti ndiyo inayoumbua yale ambayo programu imejiamulia. Kwa mfano nguzo imekazwa chini kana kwamba imesimama juu ya mwamba, kumbe kiwanja chako ni udongo wa mbuga, mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka. Au nguvu za mlalo. BS 8110, kanuni ya Uingereza ya majengo ya zege, ambayo wengi tunaing'ang'ania ingawa Waingereza wenyewe waliiondoa 2010, haina hesabu za tetemeko. Inadai tu asilimia 1.5 ya uzito wa jengo usukumwe kwa ubavu. Na sisi tuko kwenye tawi la Bonde la Ufa. Waliokuwepo Dodoma Novemba 2002 wanakumbuka ardhi ilivyotikisika.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni ProtaStructure, na upendeleo huo siufichi. Wakongwe wanaijua kwa jina la Orion. Ukurasa wake wa boriti unafuatika kwa kalamu, misingi iko humo humo, michoro ya nondo inaitoa yenyewe. Waliotengeneza wako Ankara, nchi inayojua tetemeko ni nini, na Eurocode 8, kanuni ya Ulaya ya tetemeko, imo. (Sijalipwa, hata soda.)

Ya pili ni ETABS ya kampuni ya CSI, Marekani. Kwa jengo refu lenye kuta za lifti, kama yale yanayoota Mtumba, sina ubishi nayo. Lakini msingi utaupeleka SAFE, programu yao nyingine yenye leseni yake, na majedwali yake ndiyo yaliyomponza kijana wetu. Ukiinunua, jifunze kufungua hesabu za kiungo kimoja kimoja na kuziambatanisha.

Robot na STAAD.Pro mimi naziwekea kenchi za chuma. Una ghala la mahindi Kibaigwa? Chukua mojawapo. Nyumba ya kawaida ya zege, hapana.

Za bure: Ftool kwa fremu bapa, inatosha kuhakiki. Za kuvunjwa kufuli zinazouzwa kwenye flashi sizipangi.

Sasa wauzaji. Bei haiandikwi popote, "tupigie, mama". Ukipiga, unatajiwa dola, wakati tangu 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni hapa nchini. Mmoja alinipa bei ya mwaka wa kwanza tu, VAT ya asilimia 18 ikaibukia kwenye ankara, na mafunzo "yaliyojumuishwa" yakawa yanafanyika Dar, nauli juu yangu. Ofisi ya watu wawili Ilazo itapata wapi hela hizo?

Dai ankara ya shilingi yenye bei ya mwaka wa pili. Halafu mpe wakala boriti ile ya 250 kwa 450, aichapishe mbele yako kwenye kompyuta yake. Akikuambia printa imeharibika, nenda kwa mwingine.