Paroko akae parokiani au azunguke vigangoni, kwenye makanisa madogo ya parokia yaliyo mbali?
Ubishi huu hauishi kwenye halmashauri za walei (waumini wasio mapadri), Masasi hadi Newala. Kwa gharama, kukaa kunashinda: pikipiki inakula mafuta, na mvua zikikolea, njia za kupanda Uwanda wa Makonde hazitabiriki. Mwenye msiba au shida ya cheti cha ubatizo naye anajua wapi pa kumkuta padri. Lakini mgonjwa wa kigangoni anayesubiri sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa hawezi kuifuata ofisi, na katekista, mwalimu wa dini, hata awe hodari vipi, haungamishi. Hapo kuzunguka hakuna mpinzani. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, watu wanashinda mashambani. Misa ya katikati ya wiki, kokote, utasali na wazee tu. Mwenye paroko msaidizi, wagawane. Aliye peke yake na vigango vya mbali, ofisi aachie katibu.