Uzoefu wangu na vipuri vya daraja la juu vya baiskeli ya mashindano: vinakufa pale vinapoungana

Kwa miaka kadhaa sasa ninaendesha baiskeli ya mashindano yenye fremu ya kaboni na vipuri vya daraja la juu. Ninaishi Dar es Salaam, na mazoezi yangu mengi ni ya alfajiri kwenye Barabara ya Bagamoyo, kabla magari hayajawa mengi. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya mtu anayejiandaa kutoa fedha nyingi kununua baiskeli ya aina hii, mpya au ya mtumba, akiamini kwamba bei kubwa itamwondolea usumbufu. Nilichojifunza ni kwamba vipuri hivi havina malighafi dhaifu, na mara chache huvunjika katikati. Vinakufa pale kipuri kimoja kinapokutana na kingine, yaani kwenye gundi, kwenye tundu la beringi au kwenye kona ambayo waya unajipinda, na sehemu hizo muuzaji hazitaji hata kidogo wakati anakuhesabia uzito kwa gramu.

Nianze na BB (bottom bracket), kwa sababu ndiyo iliyonisumbua kuliko kipuri kingine chochote. Hizi ni beringi mbili zinazokaa chini kabisa ya fremu na kubeba ekseli ya krenki, yaani mikono inayoshika pedali, kwa hiyo nguvu yote ya miguu hupita hapo. Kwa miongo mingi BB zilikuwa za kufunga kwa meno. Ganda la fremu lenye upana wa milimita 68 lilichongwa meno ndani, vikombe vya beringi vikakazwa kwa spana, na kikombe cha kulia kilifungwa kinyume ili mzunguko wa pedali usikilegeze. Mwaka 2000 Cannondale ilileta mfumo wa BB30, ambao beringi hushindiliwa moja kwa moja ndani ya fremu bila meno yoyote, na makampuni mengine yakafuata kwa mifumo yao ya kushindilia. Mmojawapo ni BB86, wenye ganda la upana wa milimita 86.5 na tundu la milimita 41, na huo ndio ulio kwenye fremu yangu. Sababu za kiufundi zinaeleweka. Ganda pana huifanya fremu isipinde mwendeshaji anapokanyaga kwa nguvu, uzito hupungua, na kiwanda hakina haja ya kuweka kipande cha chuma chenye meno ndani ya kaboni. Lakini mfumo wote unategemea jambo moja, nalo ni usahihi wa tundu. Likizidi kipimo kwa sehemu ndogo ya milimita, au matundu mawili ya kulia na kushoto yakiwa hayako kwenye mstari mmoja, beringi hukaa upande, ekseli huzisukuma kila mguu unaposhuka, na mtikisiko mdogo usioonekana kwa macho huanza kati ya kikombe na fremu.

Yangu ilianza kulia katika mwaka wake wa kwanza. Ulikuwa mlio mkavu, mmoja kwa kila mzunguko, unaosikika zaidi ninapopanda mlima nikiwa nimesimama juu ya pedali. Fundi wangu, kijana makini ambaye hafungui kitu kabla ya kukisikiliza, alibadilisha kwanza pedali, akakaza boliti za sproketi ya mbele, akapaka grisi nguzo ya kiti, na mlio ukabaki palepale. Alipong'oa vikombe vya BB tukaona chanzo. Maji ya kahawia yalitiririka kutoka ndani ya ganda, maji ya mvua za masika yaliyokuwa yameingia kupitia bomba la kiti na kukaa humo kwa sababu fremu haikuwa na tundu la kuyatoa. Sili ya beringi ya kushoto ilikuwa imevimba upande mmoja, na ukiizungusha beringi kwa kidole ilikwaruza kana kwamba ina mchanga. Kilichonisikitisha zaidi ni mduara mweusi uliong'aa kwenye kaboni, mahali ambapo kikombe cha plastiki kilikuwa kikisugua fremu kila nilipokanyaga. Hiyo ni fremu inayolika taratibu, na kuweka beringi mpya hakurudishi kilicholika.

Hapo ndipo suala la upatikanaji wa vipuri linapoingia, na wasomaji wa Ulaya hawalifikirii sana. Beringi ya BB30 ni namba 6806, yenye kipenyo cha ndani cha milimita 30, cha nje milimita 42 na unene wa milimita 7. Ni beringi ya kawaida ya viwandani, na mtu akienda kwenye maduka ya beringi za mashine akaitaja kwa namba ataeleweka. Beringi ya krenki zangu ni tofauti. Ekseli yake ni ya milimita 24, wakati beringi ya kawaida iliyo karibu nayo, namba 6805, ina tundu la milimita 25. Kwa sababu ya milimita hiyo moja, nilizunguka Gerezani na Kariakoo nikarudi mikono mitupu, kisha nikaagiza nje na kungoja, huku baiskeli ya thamani kubwa ikining'inia ukutani. Baiskeli ya Phoenix ya jirani yangu, ambayo hubeba magunia ya mkaa, huharibika pia, lakini gololi zake zinauzwa kila mtaa na fundi yeyote anazijua.

Kuhusu huduma ya baada ya mauzo, kampuni iliyotengeneza fremu, ambayo sitaitaja, ilinijibu kwa adabu kwamba mlio si kasoro ya utengenezaji na kwamba nitumie BB iliyopendekezwa. Niliitumia, na baada ya muda mlio ukarudi. Kilichoutuliza ni BB ya alumini ambayo vikombe vyake viwili hushindiliwa kutoka kila upande, kisha huungana kwa meno katikati ya ganda na kuvutana, kwa hiyo beringi hulazimika kukaa kwenye mstari mmoja bila kutegemea sana unyoofu wa fremu. Fundi alisafisha tundu kwa spiriti, akapaka gundi maalumu ya kushikilia beringi, akaacha ikauke usiku kucha. Imepita masika na vuli bila kulia. Nashauri yeyote mwenye fremu ya kushindilia asinunue tena vikombe vya plastiki vya aina ya awali, hata kama ni rahisi.

Watengenezaji wenyewe wamekwisha kutoa jibu kwa matendo. Trek ilihamia mfumo wa T47, wenye ganda pana lakini lenye meno, ilipotoa Domane ya mwaka 2019. Specialized iliirudisha BB ya meno ya milimita 68 kwenye Tarmac SL7 mwaka 2020. Pinarello haikuwahi kuyaacha meno ya kipimo cha Kiitaliano kwenye baiskeli yake ya Dogma, na baiskeli hiyo imeshinda Tour de France mara nyingi, kwa hiyo hoja kwamba meno yanampunguzia mtu kasi siioni. Ningependa makampuni yaliyouza fremu za kushindilia kwa karibu miaka ishirini yaseme wazi kwa wateja wao kwa nini yamebadili mawazo, kwa sababu fremu hizo bado ziko barabarani na zinauzwa tena na tena.

Jambo la pili ni la usalama. Mwezi Septemba 2023 Shimano, kampuni ya vipuri ya Japani, ilitangaza mpango wa kukagua na kubadilisha bure krenki zake za madaraja ya juu, Ultegra na Dura-Ace, za gia 11 zilizotengenezwa kati ya Juni 2012 na Juni 2019. Krenki hizo zina uwazi ndani, na hutengenezwa kwa vipande viwili vya alumini vilivyounganishwa kwa gundi. Gundi ikiachia, vipande huanza kutengana na mkono wa krenki unaweza kukatika chini ya mguu. Nchini Marekani peke yake tangazo lilihusu krenki zipatazo 680,000, na zilikuwa zimeripotiwa kesi 4,519 za krenki kutengana, zikiwamo 6 zilizosababisha majeraha, baadhi yake ya kuvunjika mifupa. Kukatika kwa krenki hakufanani na pancha. Hutokea wakati mwendeshaji amesimama na kuweka uzito wote upande mmoja, na mguu ukikosa pa kukanyaga yeye huangukia usukani akiwa kwenye kasi.

Kwenye kikundi chetu baiskeli nyingi ni za mtumba, za miaka hiyohiyo, kwa hiyo tulikaa na kuzikagua moja baada ya nyingine. Namba za kutambua toleo, kama FC-6800, FC-R8000, FC-9000 na FC-R9100, zimechorwa kwenye krenki yenyewe. Krenki huvuliwa, huoshwa kwa sabuni na kukaushwa vizuri, kisha humulikwa kwa tochi upande wa ndani, hasa pale mkono wa kulia unapoungana na sproketi. Unapitisha ukucha taratibu kwenye mstari wa muungano. Pakiwa na nyufa, pengo linalonasa ukucha au unga mweupe unaochungulia, usiendeshe tena. Hatukukuta yenye nyufa, na bado sisemi kwamba tumemaliza kazi. Ukaguzi wa macho huona kilichokwisha kuanza kufunguka tu, na sisi tunaishi kwenye hewa ya chumvi na kutokwa jasho jingi, vitu ambavyo alumini haivipendi.

Leva za gia zimenipa tabu ndogo lakini ya kuudhi. Kwenye leva zangu za waya, za daraja la juu pia, waya wa gia ya nyuma hujipinda kwenye kona kali ndani kabisa ya kichwa cha leva, na pale hukatika uzi mmoja baada ya mwingine. Dalili ya kwanza ni gia kuchelewa kushuka, na wengi hudhani deraila, kifaa kinachohamisha mnyororo, imepinda. Ukiendelea kuivuta, waya hukatika wote, kichwa chake hubaki ndani, na nyuzi ndogo kama sindano huingia kwenye mashine ya leva. Fundi wangu alizitoa kwa kibano akitumia taa ya kichwani, asubuhi nzima. Tangu hapo tunabadilisha waya huo mapema, ungali mzima, na tatizo limekwisha. Waya ni wa bei ndogo, leva si ya bei ndogo.

Kwa upande wa gia za umeme, ambazo Shimano ilizileta kwenye Dura-Ace kwa msimu wa 2009, nimekuwa na mashaka nazo kwa muda mrefu, lakini zile nilizozitumia kwenye baiskeli ya pili zimekuwa imara kuliko nilivyotarajia. Hazina waya wa kukatika, mvua haijazidhuru, na kazi yangu ni kuchaji tu. Wasiwasi wangu ni kwamba zikifa hazina fundi. Mota ya deraila haifunguliwi mtaani, hununuliwa nzima.

Kwenye magurudumu nitakuwa mfupi. Rimu za kaboni zisizo na ukingo wa kushika tairi zina kikomo cha upepo cha bar 5, na matairi yake lazima yawe yale yaliyoidhinishwa kwa rimu hizo. Baada ya mwendeshaji wa Ubelgiji Thomas De Gendt kuanguka kwenye mashindano ya UAE Tour, Februari 2024, tairi likiwa limetoka kwenye rimu ya namna hiyo, waendeshaji wa kulipwa wenyewe walihoji usalama wake, ingawa watengenezaji walisema gurudumu liligonga jiwe. Kwa barabara zenye mashimo, na kwa mahali ambapo tairi la dharura hununuliwa kwa kuangalia ukubwa tu, mimi nabaki na rimu zenye ukingo.

Kama ningenunua leo, ningechukua fremu yenye BB ya meno, krenki zisizo za vipande vilivyounganishwa kwa gundi, gia za daraja la pili badala ya la kwanza, na tofauti ya bei ningeitumia kununua mapema beringi, waya na sikio la deraila (kipande kinachoishikilia kwenye fremu) la akiba. Kwa anayenunua mtumba, kabla ya kulipa, omba krenki zivuliwe mbele yako na utazame ndani ya ganda la BB kwa tochi. Muuzaji akikataa, iache.