Nimeichukia mashine hii ya kahawa siku tatu, halafu nikagundua kosa liko wapi

Haya, habari zenu watu wangu, karibuni tena ndani ya gari. Mkiona nimevaa koti ndani kwa ndani, ni saa kumi na mbili asubuhi, baridi imeshika, na sijanywa kahawa. Kwa hiyo leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Hii hapa. Mashine ya espreso ya mkononi, ya kuchaji. Imekaa kama chupa ya maji, betri yake iko humu chini, na unaichaji kwa waya uleule wa simu. Rangi, uzito, kifuniko, hayo yote yako kwenye boksi, sitawapotezea muda. Jina la kampuni nalo silitaji. Nimeinunua kwa pesa yangu, hakuna aliyenilipa, na kwa pesa hiyo ningepata AeroPress tatu, kile kifaa cha kukamua kahawa kwa kusukuma na mkono, na chenji ya kununua buni. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Nilichokinunulia ni ahadi moja tu: inapasha maji yenyewe. Unatia maji ya baridi, unabonyeza, unakunywa. Nikasema basi, nimepona.

Maana hesabu yetu tunaolala kwenye kempavani mnaijua. Betri yangu ni ya asidi, ampea-saa 100, ndicho kipimo cha umeme inaobeba, lakini ukizoea kuishusha chini ya nusu unaiua mapema. Kwa hiyo nina 50 za kutumia. Friji peke yake linakula 30 hadi 40 kwa siku. Kinachobaki ndiyo taa, ndiyo simu, ndiyo hii kamera inayowaonyesha sura yangu. Ikija siku ya mawingu, paneli ya sola juu huko imelala tu. Birika la umeme la nyumbani, la wati 2,000, sahau kabisa: kwenye volti 12 hizo ni zaidi ya ampea 160 kwa mkupuo mmoja. Niliwahi kulichomeka. Inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ilipiga kelele, ikajizima, na mwenzangu akaamka akidhani gari linaibwa. Na mnaoniuliza kila siku kuhusu mashine za vidonge vya kahawa, nyingi zinapita wati 1,000. Jibu ni lilelile.

Sasa sogeeni karibu mwone. Natia kahawa hapa, nimeisaga laini, nakandamiza kidogo. Maji ya baridi, mililita 50, kikombe kidogo tu. Nafunga. Nabonyeza. Taa inamwekamweka, maana yake inapasha moto.

Tunasubiri.

Wakati tunasubiri, niwaambie kwa nini wiki iliyopita hamkuniona. Maikrofoni iliingia maji. Si mvua, ni mimi, nilimwaga beseni la vyombo. Nimepata nyingine, mkisikia sauti imebadilika ndiyo hiyo. Na yule aliyeshinda kisagio cha mkono mwezi uliopita, tafadhali jibu ujumbe wangu, kisagio kinanitazama hapa rafuni.

Bado. Dakika ya tatu hii.

Dakika ya nne na nusu, haya, inaanza kusukuma. Sikia huo mlio. Inatoka... Naweka kipimajoto hapa hapa inapodondokea. Mnaona? Nyuzi 81. Boksi linasema 92. Rangi imepauka, krema, lile povu la juu ya espreso, ni kama povu la sabuni lililokata tamaa. Ngoja nionje. Chachu, jamani. Chachu inayokunja shavu. Maji yasiyofika moto hayawezi kuivuta kahawa vizuri, utamu unabaki kwenye unga, wewe unapata uchachu.

Na hiki ni cha ngapi? Kwa maji ya baridi, chaji moja inanipa vikombe vitano. Juzi kikombe cha sita kilikatika katikati: vijiko viwili vya kahawa, kisha kimya, taa nyekundu. Kuirudishia chaji kunanila ampea-saa saba, nane hivi, kwenye betri ya gari. Vikombe vitano vya mdomo mmoja mmoja, kwa karibu nusu ya umeme ambao friji limeniachia. Siku tatu nzima nilikuwa naandaa video ya kuitukana hii kitu.

Halafu jana nikasoma kile kijitabu. Ukurasa wa mwisho, maandishi madogo kama chungu: bonyeza mara mbili haraka, inaruka hatua ya kupasha, inasukuma tu. Mara mbili! Kwa nini hawakuandika hilo juu ya boksi?

Rudini karibu, hii ndiyo sababu ya video ya leo. Birika dogo liko kwenye jiko la gesi, limechemka. Dirisha nimelifungua, naomba na wewe ufungue; moto wa gesi ndani ya gari lililofungwa unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, usicheze nayo. Kwanza natia maji ya moto bila kahawa, nayapitisha yote. Usiiruke hatua hii. Chuma cha humu ndani ni baridi, na ndicho kinachoiba joto. Nimeyamwaga kwenye kikombe, kikombe nacho kinapata joto. Sasa kahawa, gramu 8. Maji ya moto tena. Mara mbili: tik, tik.

Angalia. Angalia hilo tone la kwanza, zito, linaning'inia kama asali. Sekunde ya tano... ya kumi... limekuwa uzi, mwembamba kama mkia wa panya. Krema hiyo, rangi ya njugu. Kipimajoto: 91. Natikisa kikombe, krema haipasuki, inarudi kujifunika.

Mmm. Ngoja nikae.

Hii ni mashine ileile na ni buni ileile. Jana na leo nimetoa vikombe 11 hivi, na chaji bado vijiti vitatu kati ya vinne. Pampu haili kitu. Mla umeme ni joto. Maji hayana punguzo: kupasha mililita 250 kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka ni wati-saa 23 hata mashine yako iwe na akili vipi, na hapo sijahesabu zinazopotea njiani. Linganisha na kisagio cha umeme ambacho watu wanakiogopa: wati 150 kwa sekunde 20 haifiki hata wati-saa moja. Kwa hiyo mwenye kisagio cha umeme asage kwa raha zake. Mimi natumia cha mkono kwa sababu napenda, na kwa sababu mwenzangu bado amelala.

Najua kwenye maoni mtaniandikia: si bora AeroPress? Labda. Ile aliibuni Alan Adler, ilitoka mwaka 2005, haina waya wala betri, na ukimaliza unasukuma kitonge cha kahawa moja kwa moja kwenye taka, husafishi kwa maji mengi. Kwenye gari lenye tangi la lita 20 hilo ni jambo kubwa. Hii yangu kuiosha ni adhabu, inahitaji maji, kitambaa na subira. Kuna pia ile mashine ya Moka ya mwaka 1933, inakaa juu ya jiko na kujimalizia yenyewe. Zote mbili nimezitumia. Lakini hazifikii presha ya baa 9 ya espreso, na mimi ni mtu wa espreso, ndiyo ugonjwa wangu.

Kitu kingine, ukipanda mlimani. Kwenye mita 2,000 maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo ile tabia ya kuyaacha yapoe kidogo iache kabisa, mimina yakiwa bado yanatokota. Na kwenye baridi ya chini ya sifuri, mtungi wenye gesi ya butani peke yake utakugomea, tafuta wenye propani ndani yake.

Mimi sasa jioni nachemsha maji ya chakula, yanayobaki natia kwenye chupa ya chai. Asubuhi yanakuwa na joto la kutosha, nayapeleka jikoni dakika moja tu, gesi nayo inadumu.

Nimeibakiza, sijairudisha dukani. Lakini mhandisi aliyeweka kile kipashio humu ndani, akakipa kitufe kikubwa, na njia nzuri akaificha ukurasa wa mwisho, mimi na yeye bado tuna kesi. Kama ipo inayouzwa bila kipashio, nyepesi na rahisi zaidi, niandikieni hapo chini, nitainunua hiyo.

Video ijayo ni friji, nimelipima wiki nzima. Nazima kamera, huyu anaamka, na kikombe cha pili nilimuahidi yeye.