LinkedIn na mkate wa kumimina: nilivyopata kazi ya hoteli Kiwengwa

Mie ni mpishi wa mikate. Nimezaliwa Wete, Pemba, nimesomea upishi Maruhubi, na nilipomaliza nikaingia bekari moja hapa Mjini Unguja. Hamu yangu ilikuwa jiko la hoteli. Nikafanya kama wenzangu: vivuli vya vyeti ndani ya bahasha ya kaki, gari mpaka Nungwi, siku nyengine Paje, bahasha namwachia mlinzi getini. Bahasha kumi na moja, na simu haikulia hata mara moja.

Nikageukia mitandao. Nilianza na makundi ya WhatsApp ya matangazo ya ajira, na huko sina la kusifu. Kundi moja hubeba watu mpaka 1,024, na tangazo likikufikia limeshapita mikono mingi, nafasi yenyewe ilijaa zamani. Wezi nao wamo. Mmoja alitaka shilingi 30,000 za fomu na kipimo cha afya kabla ya usaili. Nikatuma. Jioni napiga, namba haipatikani. Zilikuwa pesa za kumpelekea mama Pemba, na mpaka leo zinaniuma.

LinkedIn alinifungulia mdogo wangu. Mtandao huu wa watu kujionesha kikazi na kutafuta ajira upo tangu 2003, lakini kwetu wengi tunadhani ni wa watu wa benki na mashirika. Kufungua ni bure na sijalipia kitu. Miezi miwili ya mwanzo niliitumia vibaya: chini ya jina niliandika "Natafuta kazi yoyote", na kwenye picha nikaweka lile duara la kijani la kutafuta kazi. Kisiwa hiki watu wanajuana. Wiki haikwisha bosi wangu akaniuliza nahamia wapi. Baadaye ndipo nikajua unaweza kuchagua habari hiyo waione wanaotafuta wafanyakazi tu.

Nikabadilisha, nikaandika "Mpishi wa mikate na keki, Zanzibar". Kisha nikawatafuta wakuu wa majiko wenyewe, kwa sababu wao ndio wanaojua lini wamepungukiwa mtu. Kila Ijumaa naweka picha moja ya kazi yangu.

Picha iliyonifungulia mlango ni ya mkate wa kumimina. Niliukata, nikaupiga picha ubavuni kwenye mwanga wa dirisha, matundu yakaonekana yamesimama kutoka chini mpaka juu. Nikaeleza: mchele umelala majini usiku kucha, umesagwa na tui zito, sukari, hamira na iliki, na unapoumuka lazima uuvizie, maana mchele hauna mnato wa ngano; ukipitiliza, mkate unadidimia.

Kesho yake msaidizi wa mpishi mkuu wa hoteli moja ya Kiwengwa, mtu wa Mombasa, akaandika: "Dada, na joto hili umeuacha muda gani?" Nikamjibu: "Saa moja, kaka, na kaskazi ikiwa kali haifiki." Siku tatu tukazungumza habari za hamira tu. Ya nne akaniambia masika yanakwisha, hoteli inafungua Juni, nije nifanye majaribio. Nikaenda, nikakanda mbele yao, wakanichukua. Mkate wa kumimina sasa uko kwenye meza ya wageni asubuhi.

LinkedIn naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa ajili ya kina mama walionifundisha mie kupika. Mikono yao ni mizuri kuliko yangu, lakini mazungumzo mengi humo ni ya Kiingereza, na bando la kila wiki si la kila mtu, basi hakuna anayewaona.

Shangazi yangu mmoja wa Wete kaniuliza na yeye aanzie wapi. Nimemwambia, "Shangazi, nipigie picha maandazi yako, moja ulipasue nilione ndani." Maelezo tutaandika pamoja nikienda Sikukuu.