Kliniki ya kumbukumbu: mama alijibu "kaskazi", akapewa sifuri

Daktari hakumwamkia mama yangu. Naanza na hilo kwa sababu yote yaliyofuata yalitokea hapo. Kijana wa umri wa mjukuu, anaingia mama wa miaka 70 na ushei, yeye macho kwenye kompyuta, kisha ananigeukia mimi: "Huyu anajua kusoma?" Huyu! Na mama yuko mbele yake, anasikia.

Nimeuguza wodi za magonjwa ya akili muda mrefu, kwa hiyo karatasi aliyoitoa niliitambua kabla haijatua mezani. Ni kile kipimo cha alama 30 kilichotungwa Marekani mwaka 1975, ambacho mgonjwa akipata chini ya 24 anahesabiwa ana kasoro. Kwa mtu aliyesoma sina ugomvi nacho. Lakini piga hesabu. Kutoa 7 kwenye 100 mfululizo mara tano, alama 5. Kusoma maandishi na kuyatii, 1. Kuandika sentensi, 1. Kunakili pembetano mbili zilizoingiliana, 1. Hizo ni 8, na zote za darasani. Asiyewahi kukalia dawati anabaki na 22 hata akijibu mengine yote sawasawa. Kashafeli kabla hajafungua mdomo.

Mama husuka mikeka. Hesabu ya miyaa anayo kichwani na mapambo yake hayaandikwi popote. Kalamu aliipokea kwa vidole viwili kama anavyopokea mwaa, akachora mstari mmoja, akaiweka chini. Sifuri. Akaulizwa huu ni msimu gani. "Kaskazi," akajibu, na kaskazi ndiyo ilikuwa ikivuma kutwa. Sifuri tena, kwa kuwa daktari alikuwa anasubiri neno kiangazi. Jumla 15, demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kwa heri.

Na si kwamba kipimo kingine hakuna. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo kiitwacho IDEA kwa ajili ya watu kama mama: vipengele 6, alama 15, hakuna kusoma wala kuandika. Unamuuliza daraja ni nini. Unamwambia ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Unampa njiti za kiberiti apange umbo ulilomwonyesha. Akipata 7 au chini, ndipo una sababu ya kushuku demensia. Hai hiyohiyo ndiko ulikofanyika utafiti uliokuta demensia kwa asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi. Kiberiti kinauzwa kila duka.

Sisemi mama alikuwa mzima. Maneno matatu aliyoambiwa ayakumbuke yalimpotea yote, na hilo ndilo lilipaswa kumshtua daktari, kwa sababu lilianza ndani ya wiki mbili tu. Siku moja yuko timamu, kesho yake anasinzia mchana na maneno yanamkwama. Alzheimer, ile demensia inayoonekana zaidi, haiendi hivyo. Hiyo huchukua miaka. Kusahau kukija kwa kasi namna hii, swali la kwanza ni moja: ameanguka? Hakuuliza. Nikamwambia mwenyewe kwamba aliteleza bafuni kama wiki tatu nyuma, akagonga kichwa kwenye fremu ya mlango, na anameza aspirini kila siku.

"Si hakuna kidonda, dada? Uzee huo."

Kidonda hakihitajiki! Ubongo wa mzee husinyaa, na vijishipa vinavyotoka kwenye ubongo kwenda kwenye utando wa juu vinakuwa vimevutika. Kishindo kidogo tu kinatosha kukata kimoja. Damu inavuja tone kwa tone chini ya utando, aspirini inaizuia kuganda, na wiki zinapita ndipo inaanza kuubana ubongo.

Akaandika donepezil, dawa ya demensia, miligramu 5 usiku bila hata kupima mapigo ya moyo. Dawa hiyo hupunguza mapigo, na ambaye yake yako chini tayari anaweza kuzimia. Anampa mtu aliyekwisha kuanguka! Homoni ya tezi, vitamini B12, kaswende, VVU: hakuagiza hata kimoja, na hivyo ndivyo vipimo vinavyonasa kusahau kunakotibika.

Ningeishia hapo na nyota moja. Ila nililipia tena kumwona daktari mkuu wa kliniki hiyohiyo, mama wa makamo, na hapo hukumu yangu inayumba. "Shikamoo mama." Akasogeza kiti upande wa sikio linalosikia vizuri. Akamwomba anyooshe mikono mbele, viganja juu, afumbe macho. Mkono wa kulia ukaanza kushuka polepole, kiganja kikigeuka kuelekea chini. Zilikuwa sekunde kumi hivi. Akaagiza skani ya CT siku ileile, na kwenye fomu akaongeza kwa mkono: ameanguka, anatumia aspirini, angalia damu iliyofanana rangi na ubongo. Nyongeza hiyo ni ya mtu anayeijua kazi. Damu mbichi huonekana nyeupe kwenye skani, ikikaa wiki moja hadi tatu hufanana na ubongo wenyewe, baadaye hugeuka nyeusi. Msoma picha asiyeambiwa anaweza kuipita. Kinachoifichua ni mstari wa katikati uliosukumwa pembeni, na mikunjo ya ubongo isiyofika kwenye mfupa. Ilikuwepo, upande wa kushoto.

Matundu mawili kwenye fuvu, damu ikaoshwa, mpira wa kutolea damu ukaachwa siku mbili. Mpira huo uulizie: utafiti wa Cambridge uliochapishwa 2009 ulikuta damu imerudi kwa asilimia 9.3 ya walioachiwa mpira, na 24 ya wasioachiwa.

Kwa daktari mkuu, nyota tano na dua. Hapa nilitaka kuipa kliniki nzima nne. Lakini kijana ni yeye anayemsimamia, na karatasi ya pembetano bado iko mezani. Ukimpeleka mzazi pale, omba kumwona mkuu, na uingie na maandishi: ameanguka lini, anameza dawa gani, amesoma hadi darasa la ngapi. Mimi nimeomba mara mbili neno demensia lifutwe kwenye faili la mama. Mapokezi wanasema mfumo hauruhusu. Nyota mbili.