Mwanafunzi mwenye seliaki: apike mwenyewe au ale kwa mama ntilie?

Mwenye ugonjwa wa seliaki akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano), kinga ya mwili wake hushambulia utumbo mwembamba. Tiba ni kuiacha kabisa, maisha yote.

Kwa mama ntilie wa Dar es Salaam kuna mengi ya kula: wali, maharage, ugali wa sembe, ndizi, samaki. Kwa asili vyote ni salama. Hatari iko kwenye mafuta. Chipsi zikikaangwa yalipokaangwa maandazi au sambusa, hazifai tena. Mwiko uliokoroga mchuzi wenye unga wa ngano nao huharibu maharage. Lakini mama ntilie unaweza kumuuliza ana kwa ana, “Mama, mafuta haya umekaangia nini?”, na akishakuzoea atakupakulia kwanza. Kwenye kantini kubwa, foleni haikupi nafasi hiyo.

Kupika chumbani kunachosha, hasa wakati wa mitihani, na hosteli nyingine hukataza majiko. Ila sufuria ni yako. Chunga unga tu: uji wa lishe mara nyingi huchanganywa na ngano, na ulezi unaweza kusagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano.

Mimi ningepika asubuhi na kubeba hotpoti, na kwa mama ntilie ningechukua wali na ndizi za kuchemsha.